Nilipomsema Babu kwa Kiingereza

Mwalimu wetu wa Kiingereza kidato cha tatu, Madam tulivyomwita, alitokea Singida, na kitu cha kwanza kilichomshangaza alipofika Kyela kilikuwa tope. Cha pili kilikuwa ukimya wetu. "Huko nje mnaongea mpaka mnakera," alituambia. "Mkiingia kwenye kipindi changu mnakuwa mabubu. Hicho Kiingereza kinawauma wapi?" Tukacheka, kisha tukanyamaza tena.

Basi siku moja akaja na simu yake na spika ndogo, akatuonyesha vijana wa nchi za mbali wakisimama mbele za watu na kusema mashairi kama vile wanagombana na mtu. Hiyo inaitwa slam, akasema. Hakuna kushika karatasi, hakuna ngoma, hakuna mavazi ya maigizo. Ni wewe, mdomo wako, na jambo linalokukera katika jamii. Jamani! Mimi niliyekuwa nafukuzwa jikoni kwa sababu ya mdomo, leo naambiwa mdomo ni somo! Nililipenda siku ileile.

Wenzangu waliandika mambo mazito. Mvulana mmoja wa Njisi aliandika juu ya madereva wa malori pale mpakani Kasumulu, wanaowapa lifti wasichana wenye sare za shule. Msichana wa kule ziwani, ambaye kwao wanafinyanga vyungu, aliandika juu ya wanunuzi wanaogongagonga chungu kizima wakitafuta ufa ili washushe bei. Mimi sikuhitaji kutafuta cha kuandika. Kilichonikera nilikuwa naishi nacho nyumbani.

Kwetu mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, lakini yetu, wapi! Babu yangu mzaa baba aliishi upande wa pili wa migomba yetu, na tangu mama aolewe walikuwa hawajawahi kukaa mahali pamoja wala kusemezana. Mama akisikia babu anakohoa njiani, hata akiwa na mzigo wa mpunga kichwani, anaiacha njia, anaingia shambani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Chakula cha babu alipika mama kila siku, mpelekaji mimi. "Mwambie mzee leo ni samaki." "Mwambie mama yako ndaga fijo, asante sana, ila chumvi imezidi." Nilikuwa redio yao, tena redio isiyozimwa.

Na kwa kuwa babu alikuwa mjumbe wa bodi ya shule, na kila siku ya wazazi alikaa viti vya mbele, mama hakuwahi kukanyaga shuleni kwetu. Hapo ndipo hasira yangu ilipokuwa. Nilitaka mama aje anione, basi. Wenzangu mama zao wanakuja na kanga mpya, wanapiga vigelegele hadi wanakauka koo, wa kwangu yuko nyumbani anageuza kakao juani.

Nikaandika shairi langu kwa ghadhabu, la kusemwa siku ya wazazi. Madam alilisoma, akaguna, akanirudishia. "Punguza matusi," akasema, "ongeza mama." Nikapunguza matusi kidogo, nikaongeza mama.

Mtu ataniuliza, hukuogopa kumsema babu yako na yeye amekaa mbele? Niliogopa sana! Lakini darasa zima tulikuwa na ujanja wetu. Wazee ukiwasema kwa Kiswahili au Kinyakyusa, umekwisha. Ukiwasema kwa Kiingereza wanakupigia makofi, wamefurahi kwamba mtoto kasoma.

Mama nilimbembeleza wiki nzima aje. Nikamwambia ukuta wa nyuma wa bwalo la shule umejengwa kwa matofali ya matundu, mtu akisimama nje anasikia kila kitu.

"Na mzee je?" akauliza.

"Atakuwa mbele, mama, ananitazama mimi."

"Na hicho Kiingereza chenu nitakielewaje?"

"Hutaelewa. Utasikia sauti yangu."

Akakubali, shingo upande.

Siku ya siku, bwalo lilijaa. Nilisimama bila karatasi, nikamwona babu mbele kabisa, kofia kichwani na fimbo katikati ya miguu. Nikaanza. Nilisema mama yangu ana sauti na ana miguu yenye nguvu, lakini mwanamume akikohoa tu, anakuwa kivuli kinachoingia kwenye tope. Nikauliza ni nani aliyesema njia ina mwenyewe. Nilinyoosha kidole, nilipiga mguu chini, nilifanya yote niliyoyaona kwenye simu ya Madam. Wazazi walishangilia kama nimeolewa! Hawakuwa wameambulia hata neno.

Babu hakupiga makofi. Alivua kofia, akasimama taratibu, akasema nami kwa Kiingereza.

Kiingereza! Kimenyooka, cha polepole. Nilijua kwamba ujanani aliuza mchele ng'ambo ya mto Songwe, huko Malawi. Sikuwahi kujiuliza biashara yenyewe aliifanya kwa lugha gani.

"Mchumba wangu," akasema, maana ndivyo alivyonitania tangu nikiwa mdogo, "maneno haya umemwandikia nani?"

"Mama," nikajibu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Amekuelewa?"

"Hapana, babu."

Hapo akageukia Kiswahili, ili bwalo zima lisikie. "Basi hujafanya kitu. Umemsema mtu mbele za watu, na mwenyewe hajui umesema nini. Rudia, kwa lugha yake." Akanyoosha fimbo kuelekea ukuta wa matundu. "Na asisimame kule nyuma kama mwizi wa kuku. Mimi natoka. Aje akae."

Alijua mama yuko pale, pengine tangu alipofika. Miaka yote nilidhani mama ndiye anayemkwepa babu. Kumbe kukwepana ni kazi ya watu wawili, na kwa kile kikohozi cha njiani, nilichokichukia kuliko kitu chochote, babu alikuwa akimpa mama taarifa ili asimkute ghafla. Bado sikuupenda ule utaratibu, na hadi leo siupendi. Lakini pale mbele za watu moyo wangu ulilainika.

Babu alitoka kwa mlango wa mbele, akangoja nje. Akina mama wakaenda nyuma, wakamleta mama akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye kiti cha babu hakukaa, thubutu! Alikaa kwenye benchi la pembeni, nikaanza upya kwa Kinyakyusa. Na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kwa Kiingereza nilikuwa shujaa. Kwa Kinyakyusa nilikuwa mtoto wa mtu. Sikunyoosha kidole wala sikupiga mguu chini. Nilimwangalia mama, naye aliniangalia, na nilifurahi mno.

Nikiwa katikati, mvua ikashuka, ile ya Kyela isiyopiga hodi. Bati likapiga kelele, ikabidi nipaze sauti mpaka mwisho.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Watu wote walikuwa wanamngojea mama. Alisimama, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akaja hadi nilipokuwa na kunishika mikono yote miwili.

"Ndaga fijo, mwanangu," akasema. "Umenisema vizuri. Sasa niache nitoke, mzee analowa."