Ala ya Mama, Mguu wa Kulia

Kisu cha kuvunia mpunga hakibebwi kiunoni. Anayekibeba kiunoni bado hajainama shambani siku nzima. Ukiinama, ncha inakutafuta tumbo, na ukiwa na mtoto mgongoni, kitenge kimeshachukua kiuno chote. Mguuni ndiko mahali pake, kwa sababu aliyeinama mkono wake umeshafika huko wenyewe.

Mama alinionyesha hayo katika mashamba ya Luberizi, wakati ningali mwanafunzi na nikienda naye Jumamosi tu. Aliupapasa mguu wangu kama mtu anayechagua muhogo sokoni. Mbele hapana, alisema, mfupa wa muundi hauna nyama, utachubuka. Ndani hapana, mguu mmoja utagonga mwingine. Nyuma hapana, ukichuchumaa mpini utakuchoma paja. Akaweka kiganja chini ya goti langu, upande wa nje, akakirudisha nyuma kidogo.

"Hapa. Hapa utasahau kama uko nacho."

Ncha chini, makali yatazame nyuma. Mikanda miwili ya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, mmoja chini ya goti, mwingine juu ya kifundo. Ule wa chini ukaze, ule wa juu uache vidole viwili vipite. Mguu wa asubuhi si mguu wa mchana, aliniambia. Jua likipanda, nyama inavimba, na aliyekaza asubuhi atachechemea saa saba.

Ala ya kisu chake aliishona mwenyewe kwa ngozi ya ng'ombe iliyoletwa kutoka Bijombo. Aliiloweka mpaka ikalainika, akaifunga mguuni ikiwa mbichi, akapika nayo, akafua nayo, akaenda nayo kanisani chini ya kitenge. Ilipokauka ilikuwa imepinda kama kigae, imeshika umbo la shavu la mguu wake. Tangu hapo haikumkaa vizuri mtu mwingine yeyote.

Najua kwa sababu mimi ndiye niliyeivaa. Mama alipofariki, baba alikuwa ameshatangulia, nami nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Wadogo zangu walikuwa watatu, na wa mwisho, msichana, hakuwa ameota meno. Sikurudi shuleni. Matanga yalipokwisha nilimfunga mtoto mgongoni, nikafunga ala mguuni, nikapanda gari la Luberizi.

Ilinitesa. Miguu ya mama ilikuwa minene, shavu limekaa juu. Yangu ni myembamba. Juu ala iliacha nafasi, na chini ukingo wake uliniuma mahali pamoja, upande wa nje, kila siku. Mama mmoja tuliyezoea kuvuna naye mstari mmoja hakuacha kunichokoza.

"Weye, hiyo kitu inakuumiza bure. Iloweke, uvae, ikaukie kwako. Siku mbili inaisha."

"Miye naizoea, mama."

"Unazoea kidonda? Hiyo miguu ni ya baba yako, ya korongo. Haitajaza ala ya mama yako hata ukila ugali wa Uvira yote!"

Wote walicheka, nami nikacheka. Nilikunja kipande cha kitenge nikakiweka kati ya ngozi na ngozi. Kuloweka sikuweza. Picha ya mama iliyobaki ni ile ya kadi ya uchaguzi, na sura yake imefutika mpaka huoni kama ni mwanamke au mwanamume. Ndani ya ala kulikuwa na shimo lenye umbo lake. Jumapili, wadogo wakiwa nje, nilikuwa napitisha mkono pale.

Yule mdogo wa mwisho alikua akiuliza. Mama alikuwa mrefu? Alikuwa anaimba? Nilimjibu niwezavyo. Lakini ala sikumruhusu kuigusa. Nilimwambia ataiharibu. Miaka kumi na tano alifikisha hajaishika hata mara moja, na hilo bado linanichoma.

Msimu wa mvua uliopita, maji yalishuka kutoka mlimani mchana, yakaingia mtaani kwetu Kimanga, Uvira, mpaka magotini. Tulibeba unga na magodoro, tukasahau kilichokuwa kwenye beseni chini ya kitanda. Yalipopungua niliikuta ala katika matope, imelala bapa, laini kama sombe ya majani ya muhogo iliyoiva. Shimo halikuwepo. Nilikaa kizingitini, nimeishika kwa mikono miwili, sijui niiweke wapi. Nikiiacha ingekauka hivyo, kipande cha ngozi tu. Nikiivaa, ingekuwa yangu.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anasukuma matope kwa ufagio, kitenge amekipandisha. Mguu wake ulikuwa mbele ya macho yangu. Shavu nene, limekaa juu. Nilikuwa nimeuosha mguu ule tangu utotoni na sikuwahi kuutazama.

"Njoo. Leta mguu wa kulia."

"Dada, niko na kazi."

"Leta mguu."

Niliiosha ala, nikatia ndani kibao chembamba badala ya kisu, nikaifunga: kiganja chini ya goti, upande wa nje, nyuma kidogo.

"Yoo! Iko baridi! Inanuka ng'ombe. Nikae nayo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ikauke."

"Na kwenye robine, nikienda kuchota maji? Watu watasema nimevunjika."

"Waache waseme."

Alikaa nayo siku tatu. Siku ya pili, saa sita, alikuja akichechemea. "Dada, legeza ya juu, mguu umevimba." Nikamwambia mguu wa asubuhi si mguu wa mchana, na kwamba mama ndiye aliyesema hivyo. Akapitisha vidole viwili chini ya mpira, akavitazama.

"Mama alikuwa hivi?"

"Alikuwa hivyo."

Ilipokauka nilipitisha mkono ndani. Sikuweza kuapa kwamba ni umbo la mama. Nilipoivaa Luberizi iliniuma, lakini upana wa kidole kimoja chini ya pale pa zamani. Pale pa zamani pana sugu, na sasa hapaguswi na kitu.

Jumamosi mdogo wangu huja nami, na siku hiyo ala ni yake. Mimi natia kisu kwenye soksi, ambayo ikilowa inakwaruza. Anakaa mstari wa mbele. Anainama, mkono unashuka mguuni bila kutafuta, kisu kinatoka, na kwa nyuma sioni uso, naona mguu wa mama tu.

"Weye, umesimama nini?" yule mama tunayevuna naye mstari mmoja ananiita. "Mpunga iko chini!"

Nainama. Nikikata mashuke mawili matatu, nainua tena kichwa.