Vidonge vya Njano na Mnada Uliofungwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na viatu vilivyolowa ukungu. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, katika zahanati moja juu Ngorongoro, mahali ambapo asubuhi unasikia kengele ya ng'ombe hatua kumi mbele yako na ng'ombe mwenyewe humwoni. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha utoaji dawa. Mganga Msaidizi, mkuu wa zahanati, hakukitazama. Aliniweka dirishani, akasimama nyuma yangu.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kimasai aliyeumwa kifua. Nilimweleza anywe vidonge viwili kutwa mara tatu, arudi tarehe kumi na tano. Akaitikia, akageuka. Mganga Msaidizi akamwita arudi, akamwomba aseme kijana amemwambia nini. Mzee akafikiri, akajibu kwamba ameambiwa dawa ni nzuri.

"Umeona?" mkuu wangu akasema. "Tarehe yako iko ukutani. Yeye anatazama mwezi wa mbinguni. Mtu asiondoke na dawa kabla hajakurudishia maneno yako."

Kurudisha maneno. Niliifanya kazi hiyo miaka minne kule juu, kila mgonjwa, hata foleni ikizunguka jengo. Kisha nikahamia hospitali moja ndogo ya misheni upande wa Karatu, ambayo wakati huo ilikuwa bado tarafa ya Mbulu. Dirisha la pale lilitazama baraza. Vibarua wa mashambani kutoka Singida na Dodoma, wachuuzi wa vitunguu wa Mang'ola, wakulima wa ngano na wake zao, wote walisimama wamegusana mabega, na kila neno la dirishani lilisikika mpaka nyuma.

Hospitali iliongozwa na Daktari Mfawidhi, mwanamke wa maneno machache. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwa Mama Paskalina, mkulima wa maharage kutoka Mbulumbulu. Hedhi yake ilikoma akiwa na miaka thelathini na minane, mapema mno. Joto lilimpanda ghafla akiwa anapalilia, khanga ikalowa jasho, usingizi ukamkimbia, viungo vikauma. Daktari alimwanzishia sindano ya estrojeni kila mwezi, yaani homoni ambayo mwili wake ulikuwa umeacha kuitengeneza. Lakini estrojeni ikiwa peke yake huujenga utando wa ndani ya kizazi bila kikomo, na utando ukizidi huweza kugeuka saratani. Kwa hiyo Matroni, mkuu wa wauguzi, alimpa pia, kwa mkono wake, dawa ya pili ya kuutuliza. Mama Paskalina alipata nafuu, akarudi kwenye jembe lake.

Kisha sindano zikaacha kufika. Daktari akaamua kumhamishia kwenye vidonge: vyeupe kila siku, na vya njano, ile dawa ya kutuliza, siku kumi na mbili za kila mwezi. Masika yalikuwa yanakaribia na barabara ya Mbulumbulu ingekatika, hivyo apewe vya miezi sita.

"Sindano tulikuwa tunaikumbuka sisi," Daktari aliniambia. "Vidonge atavikumbuka yeye. Mweleze vizuri."

Alipofika dirishani nilianza vizuri. Nilipotaja damu, kwamba itatoka kidogo akimaliza vya njano na asiogope, mama mmoja nyuma yake akacheka. "Shoga, unatafuta kitinda mimba?" Baraza zima likacheka naye. Mama Paskalina akavuta khanga usoni. Mimi nami nikaona aibu, mwanamume wa miaka thelathini nikizungumzia mambo ya wanawake mbele ya watu. Nikainama, nikasema kwa sauti ya chini, "Vya njano uanze siku ya mnada. Kila mnada wa mwezi, siku kumi na mbili." Nilijua hakosi mnada; huuza kuku pale. Nikaona nimemsitiri. Sikumwomba anirudishie maneno. Nikaita anayefuata.

Wiki mbili baadaye, kabla ya mnada wa kwanza, ng'ombe wakapata ugonjwa wa miguu na midomo, na Bwana Mifugo akafunga mnada. Nilisoma tangazo lake ukutani kwa mtendaji. Nilifikiria bei ya nyama. Sikumfikiria Mama Paskalina.

Alirudi baada ya miezi sita, amepauka, damu ikimtoka mabonge. Akaweka juu ya dirisha pakiti za vidonge vya njano. Hazikuwa zimefunguliwa.

"Daktari," akasema, maana dirishani sote tuliitwa daktari, "ulisema siku ya mnada. Mnada umefungwa. Ningeanzaje?"

Nilimpeleka mwenyewe kwa Daktari Mfawidhi. Akauliza nani alimweleza. Nikasema mimi. Akanisogezea faili, akaniambia niandike maneno niliyoyatamka, kama nilivyoyatamka. Niliandika mstari mmoja. Siku hiyohiyo alimkwangua kizazi, kipande kikatiwa kwenye chupa ya dawa na kupelekwa hospitali ya rufaa kuchunguzwa kama kina saratani.

Majibu yalichukua wiki saba. Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani kuyasubiri, Mama Paskalina alipita dirishani. Hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Nipande maharage mwaka huu, au niwaachie wengine shamba?"

Karatasi ya majibu ilipofika, Daktari alinituma mimi. Nilishuka kwenye lori na kutembea kilometa zilizobaki kwenye tope. Nilimkuta shambani, ameinama. Mistari ya maharage ilikuwa imeshachomoza.

"Nilipanda," akasema. "Ningesubiri karatasi yenu, mvua ya vuli ingepita."

Nikamweleza pale kwenye matuta, hakuna anayesikia: si saratani, ila utando umenenepa kupita kiasi. Aache vyeupe. Anywe vya njano peke yake miezi mitatu, kisha akwanguliwe tena tuone.

"Sema tena."

Nikasema tena. Akasema yeye, neno kwa neno, hakukosea. Kisha akauliza swali ambalo limenikaa mpaka leo: "Mbona siku ile hukuniuliza hivi?"

Kizazi chake kilipona. Baadaye alirudi kwenye vidonge vya aina zote mbili, kwa hesabu yake mwenyewe: maharage kwenye kopo, meupe kwa siku za vyeupe tu, mekundu kwa siku za kuongeza vya njano, moja likihamia kopo la pili kila asubuhi. Nami nilimwomba Matroni chumba cha kutolea maelezo. Nilipewa stoo ya mablanketi, pazia likiwa mlango. Nilifanya kazi humo mpaka nikastaafu.

Siku hizi ninakunywa dawa ya presha. Mwezi uliopita walinibadilishia aina. Binti wa dirishani akanipa pakiti mpya, akasema, "Babu, kutwa mara moja," akaita anayefuata. Sikuondoka. Nilimuuliza kama zile za zamani niziache leo au zikiisha. Akasita, akaenda kumuuliza daktari, akarudi kunieleza. Nikamrudishia maneno yake yote, taratibu, foleni ikinung'unika nyuma yangu.