Mavuno ya Chumba cha Wageni

Mama yangu, Njura, ni mkulima wa Gachoka, na mkulima kwelikweli. Ukimtembelea asubuhi utamkuta shambani. Ukirudi jioni utaambiwa usubiri, bado yuko shambani. Jambo moja hujivunia bila haya: Jumapili ya Mavuno, waumini wanapobeba mazao kwenda madhabahuni, yeye hajawahi kubaki kwenye benchi.

Mwaka huu mvua ilikatika ndengu zikiwa kwenye maua. Kunde nazo zikakauka. Mama akafunga mlango, akaja kwetu Majimbo, mjini Embu, akisema amekuja kupumzika. Kupumzika! Mimi mwanawe Mwaniki namjua. Alikuwa anaitoroka Jumapili hiyo, asionekane ameketi mikono mitupu. Nilimhurumia sana, ila sikuthubutu kumwambia.

Shida ni kwamba chumba cha wageni kilikuwa na wageni tayari. Mke wangu Kinya, Mmeru aliyekulia karibu na soko la Gakoromone, hana shamba lakini hawezi kuishi bila kulima. Amejaza humo mabomba ya plastiki yenye matundu, na kila tundu lina mche wa sukuma wiki, spinachi au dhania. Udongo hakuna. Pampu ndogo husukuma maji yenye virutubisho kutoka kwenye tangi, yakapita mizizini na kurudi. Taa ndiyo jua lao.

"Kwa hivyo mimi nalala kwa kochi ndio sukuma ilale kwa chumba?" Mama akauliza.

"Pole, Mama," Kinya akajibu. "Hizo haziwezi lala kwa kochi."

Mama alizitazama kwa huruma. "Hata mgonjwa wa kulishwa kwa mpira hospitalini hutolewa nje aone jua kidogo."

Kesho yake tulipokwenda kazini, huruma ilimzidi. Wengine wakija mjini huleta kuku. Mama alikuwa ametuletea samadi ya mbuzi. Akaiponda vizuri, akaimimina ndani ya tangi. Pampu ikaziba. Tuliporudi, majani yalikuwa yamelegea na nyumba inanuka kama zizi.

"Nimezipatia chakula," Mama akasema, uso umejaa furaha. "Mlikuwa mnazipea maji tu, kama wafungwa."

Mimi nilikuwa tayari kuhama. Kisha Kinya akaketi sakafuni, akacheka mpaka machozi, na nadhani si machozi yote yaliyokuwa ya kicheko.

"Mama, zinakufa," akasema. "Njoo tuzioshe."

Tukaleta mabeseni. Mama alipochomoa mche wa kwanza, aliuinua kwenye mwanga. Mizizi ilikuwa mirefu, myeupe, inadondosha maji.

"Maisha yangu yote mizizi naiona nikishang'oa kitu," akasema polepole. "Hii naiona na bado iko hai."

Tangu siku hiyo chumba kikawa chake. Alikagua tangi, akaikaripia pampu ikikohoa, akazisemesha mboga kwa Kimbeere, lugha yake. Sisi wenye nyumba tukawa tunapiga hodi.

Siku moja kabla ya Mavuno, Kinya alikata mafungu manono akayapanga kwenye kiondo. "Mama, hizi ni zako za kanisa."

"Sikupanda mimi. Siwezi danganya Mungu ndani ya kanisa yake."

"Ulizifufua. Twende tu, utaamua huko."

Huko Gachoka waliosimama na mazao walikuwa wachache. Mama aliketi, kiondo miguuni, macho chini. Zamu ya safu yetu ilifika, naye hakusogea. Halafu ghafla akainuka, akashika mkanda mmoja wa kiondo, wa pili akamtupia Kinya, na wakakibeba pamoja hadi mbele.

Mzee wa kanisa, Mutembei, alishangaa spinachi zile zinazong'aa. "Njura, na hii jua yote, umelima wapi?"

Mama akachukua maikrofoni. "Shamba ni la huyu, bibi ya kijana wangu. Mimi aliniandika kibarua." Akamgeukia Kinya. "Na nilimharibia kazi. Sasa namuuliza mbele yenu, kama mwaka ujao ataniandika tena."

Vigelegele vikapasua kanisa. Kinya akalia waziwazi huku akitikisa kichwa kukubali, na mimi kule nyuma nikamsaidia kulia.