Blanketi Juu ya Pampu ya Joto

Leo mama amevua soksi. Nimemkuta sebuleni, miguu mitupu juu ya kigoda, anakunywa chai yake ya tangawizi, na koti lake liko kwenye ndoano pale mlangoni badala ya kuwa mgongoni mwake. Mama ukimsifia jambo hulibadilisha saa hiyo hiyo. Kwa hiyo nilikwenda jikoni, nikashika ukingo wa sinki, nikamshukuru Mungu kimya kimya. Kisha nikamshukuru fundi niliyemfokea mwezi wa Januari bila kosa, na jirani yangu mzee aliyenionyesha ujinga wangu mwenyewe.

Wazazi wangu walitangulia kuja London nikiwa mdogo. Mimi na kaka yangu tulibaki Mombasa kwa bibi, na mimi sikuletwa huku mpaka nilipotimiza miaka kumi na mitano. Nasema haya ili ieleweke kwamba mama sijamshiba. Baba alipofariki miaka miwili iliyopita, nilimtoa mama kwenye fleti yao ya Lewisham nikamleta kwangu Kenton, na furaha yangu ilikuwa ya mtoto, ingawa nina mtoto wangu wa kidato cha nne.

Lakini ile fleti ya Lewisham ilikuwa na majirani juu, chini na ubavuni, na wote waliipasha joto bila kujua. Nyumba yangu ni ya matofali ya zamani, upande mmoja imeshikana na ya jirani, upande wa pili imeachiwa upepo. Baridi ya kwanza tu aliyokaa nami, mama akaugua nimonia. Alilazwa siku kumi na moja. Mimi ni muuguzi, vifua vya wazee navisikiliza kila siku, lakini alipolala mama pale niliogopa kama mtu asiyejua lolote.

Alipotoka, daktari aliniambia chumba chake kisishuke chini ya nyuzi kumi na nane, usiku na mchana. Ndani ya teksi mama naye akaniambia la kwake.

"Safari hii nimepona, alhamdulillahi. Nikiugua tena kwa baridi hii, usinirudishe hospitali. Nirudishe Mombasa."

Hakuwa anatania. Alikwishazungumza na kaka yangu, naye alikwishampakia rangi chumba. Kaka yangu anampenda mama, sina neno naye, lakini hushinda bandarini tangu alfajiri na mkewe ametangulia mbele ya haki. Mama angeshinda peke yake na televisheni. Na mimi ningempoteza mara ya pili, safari hii nikiwa mtu mzima wa kujionea.

Mwezi wa Mei boila ya gesi iliyopasha nyumba joto ikafa. Niliposikia serikali inatoa ruzuku kwa anayeweka pampu ya joto badala ya boila, nikaanza kuuliza. Kijana wa kwanza aliyekuja alikaa dakika kumi. Alitazama nyumba kutoka mlangoni, akanywa chai yangu, akaniandikia mashine kubwa na kuniambia nisiwe na wasiwasi. Mimi nikiambiwa nisiwe na wasiwasi, ndipo wasiwasi unapoanza.

Nikaenda kwa jirani. Huyu ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa kama mimi, na kwa miaka mingi kule alikuwa fundi wa mafriji na viyoyozi. Kiswahili chake ni safi kuliko cha binti yangu, ambaye hukisikia chote na kunijibu kwa Kiingereza. Nilimkuta bustanini anakata matawi ya waridi.

"Binti," akasema, "wewe umekulia Mombasa. AC hufanya nini?"

"Hutia baridi."

"Hapana. Baridi haitiwi. AC huchukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Hii pampu ni AC iliyogeuzwa. Inachukua joto lililo nje na kulileta ndani."

"Joto gani lililo nje, mzee? London hii?"

Akacheka. "Friji yako, nyuma yake pakoje?"

"Pa moto."

"Ule moto umetoka wapi? Umetoka kwenye maziwa yako, na maziwa yenyewe ni baridi. Hata hewa ya Januari ina joto lake la kuchukuliwa. Mashine haichomi kitu. Inahamisha tu."

Nilielewa pale pale, nikaona aibu kwamba nimeishi na friji miaka yote hiyo bila kujiuliza. Kisha akanipa wasia wa kuchagua fundi. Anayekuja bila futi ya kupimia, nimfukuze. Nyumba lazima ipimwe chumba kwa chumba: kuta, madirisha, dari, joto linapotorokea. Mashine ikiwa ndogo haitoshi, na ikiwa kubwa mno itakuwa inawaka na kuzima siku nzima, itajichosha na kula umeme bure.

Fundi wa pili alikuja na futi. Alikaa saa tatu. Aliingia hadi chooni, akapanda darini akashuka na utando wa buibui kichwani, akauliza tunalala vyumba gani na nani huhisi baridi zaidi. Mwishowe akaniambia mambo ambayo muuzaji hapendi kuyasema. Kwanza niongeze sufi ya kuzuia joto darini. Pili, rejeta tatu za ukutani zibadilishwe ziwe kubwa zaidi, kwa sababu maji ya pampu hayawi ya moto sana kama ya boila, kwa hiyo yanahitaji bati pana la kutolea joto. Tatu, nitafute mahali pa tangi la maji ya kuoga. Nilimpa kazi yeye.

Pampu ikafungwa mwezi wa Oktoba, sanduku jeupe lenye feni, nyuma ya nyumba, karibu na kibanda cha zana. Fundi alinieleza mambo mawili na kuyarudia. Nisiwe naizima na kuiwasha kama tulivyozoea. Niiache ifanye kazi polepole mfululizo. Na mbele ya sanduku pasiwekwe kitu, kwa sababu linapumua pale.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu katika koti lake, akauliza fundi anasema nini. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini.

"Anasema ni kama AC, mama."

Basi. Hayo ndiyo niliyomweleza, baada ya mzee wa watu kunifundisha nusu saa kando ya waridi.

Miezi ya mwanzo tulistarehe. Mama alilalamika kidogo kwamba rejeta zikishikwa ni vuguvugu tu, hazichomi mkono, lakini kipimo cha chumbani kwake kilisoma ishirini na moja, akanyamaza. Kikohozi hakikuonekana. Nikaanza kulala usingizi.

Ikaja ile wiki ya Januari ambayo barafu haikuyeyuka hata adhuhuri. Jumapili nilichungulia dirishani nikaona mama ameanika leso zake za kujifunga kwenye kichanja, mbele ya pampu. Mtu aliyekulia Mombasa hashangai. Uani kwa bibi, kiyoyozi cha duka la jirani kilikuwa kikitupa hewa ya moto upande wetu, na wanawake wote waligombania pale pa kuanikia. Leso ilikauka kabla hujamaliza kukoroga uji. Nililiona hilo nikafurahi, onyo la fundi nimelisahau kabisa. Nilisema moyoni, mama ameshapazoea.

Jumanne nyumba ikawa na nyuzi kumi na saba. Jumatano kumi na tano. Mashine ilinguruma siku nzima na rejeta zikawa baridi kama sahani. Nilimwekea mama hita ya umeme chumbani, na asubuhi ya Alhamisi nikasikia kile kikohozi, kikavu, mara mbili, halafu ya tatu.

Alikuwa ameketi kitandani amejifunga shali.

"Mpigie kakako," akasema. "Mimi sina hasira, mwanangu. Umejitahidi. Nchi yenyewe ndiyo haitaki."

Sikumpigia kaka yangu. Nilimpigia fundi, na sijivunii niliyomwambia. Nilimwita mwongo. Nilimwambia mashine yake itamuua mama yangu. Yeye akauliza kwa upole kama kuna kitu chochote kimeziba sanduku la nje. Nikamjibu hakuna, kwa sauti ya mtu aliyekwenda kuangalia. Sikuwa nimekwenda. Wiki ile yote nilitoka kazini giza na kurudi giza, na nyuma ya nyumba sikukanyaga. Akasema atakuja kesho yake.

Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku hiyo. Nikiwa bado na simu mkononi nikasikia mtu anagonga uzio kwa fimbo. Nikatoka. Jirani yangu alikuwa amesimama upande wake, kofia ya sufi hadi kwenye nyusi.

"Binti, mashine yako ni mgonjwa?"

"Kwa nini?"

"Naona umeifunika blanketi."

Niligeuka. Pampu yangu, ile iliyopimiwa saa tatu, ilikuwa imevishwa blanketi la kahawia la kitandani mwa mama, limezungushwa na kufungwa kiunoni kwa leso. Kichanja kilikuwa kimesukumwa hadi kimegusa feni, na leso zilizokuwa juu yake zimekakamaa kama mbao. Nilipofungua lile fundo na kulivuta blanketi, nyuma ya sanduku kote kulikuwa na barafu nyeupe, nene.

Mama alikuwa amenifuata hadi mlangoni.

"Mama, nani amefanya hivi?"

"Mimi," akasema, bila kujificha. "Si ulisema ni kama AC? Niliona leso hazikauki, nikasema huenda zi mbali, nikazisogeza. Hazikukauka. Na nyumba ndani yazidi baridi. Nikajua joto lote lapotea nje na sisi ndani twafa. Nikalifunika lisitoke."

"Hukuhisi upepo wake ni baridi?"

"Nilivaa glavu zako za theluji. Na huku upepo gani si baridi?"

Mzee kule kwenye uzio aligeuza uso, mabega yakimcheza. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo nianze kufoka, ndipo mama akaongeza, taratibu, akinitazama miguuni:

"Nilikuona wahangaika. Nikasema niisaidie nyumba, nisiwe mzigo."

Hasira zilinitoka zote kwa mara moja. Nilimkumbatia pale pale mlangoni, na koti lake na shali lake, nikamwambia kosa si lake, ni langu mimi niliyemweleza kwa maneno matatu jambo la nusu saa. Mzee akapita kwa mlango wa mbele, akasimama sebuleni bila kuvua kofia, akamweleza mama mwanzo hadi mwisho: friji, maziwa, joto linalohamishwa, kwa nini upepo wa sanduku hili ni baridi, na kwa nini ukiuziba unalinyima pumzi. Mama alimsikiliza akitikisa kichwa.

"Kumbe imegeuzwa," akasema. "Basi mtu si aseme!"

Mashine iliiyeyusha barafu yake yenyewe. Maji yalichuruzika chini ya sanduku, mvuke ukapanda, feni ikaanza kuzunguka vizuri. Adhuhuri ilipita bado nimekaa kwenye ngazi na kipimo mkononi. Kumi na sita. Kumi na saba. Kilipofika kumi na tisa nililia, na sikutaka mtu anibembeleze. Nilimpigia fundi kumwomba radhi, nikamweleza habari ya blanketi. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema amewahi kuona mashine iliyozibwa na mchongoma, lakini iliyovishwa leso hajapata kuona.

Kikohozi cha mama kilikwisha ndani ya siku nne. Nilikisikiliza kifua chake kila asubuhi, mbele na nyuma, naye akanivumilia. Tangu hapo pampu ikawa yake. Akiamka hutoka na ufagio kuondoa majani, humkemea paka wa jirani akikaa mbele yake, na binti yangu alipoegesha baiskeli pale alisomewa kitabu kizima kuhusu kupumua. Binti alimjibu kwa Kiingereza kwamba ameelewa, na nadhani alielewa kweli, kwa sababu baiskeli haikurudi.

Basi leo, baada ya zile soksi, nilipotoka jikoni na macho yangu niliyoyafuta, nikamkuta mama anapiga simu kwa kaka yangu. Ameweka spika, kama kawaida yake, ili mtaa mzima usikie. Wakaulizana hali, mvua, bei ya samaki. Kisha mama akasema:

"Kile chumba changu ulichokipaka rangi, mpe mtu akae. Kitaingia mende bure."

Kaka yangu akauliza, "Kwani huji tena, mama?"

"Nitakuja. Nitakuja kutembea."

Nilisimama mlangoni, sikuweza kuingia wala kutoka. Mama akaagana naye, akaweka simu mezani, akaziokota soksi zake kochini na kunirushia.

"Zifue hizo," akasema. "Na uzianike popote utakapo, ila si kule."