Nilikula Kamba wa Hoteli, Nikawasingizia Ndagaa wa Mama Mudogo

Nimekosa. Sitaki mtu anitetee. Wanaonijua wakisoma hapa wakanitambua, sawa, wanitambue. Jina langu siandiki kwa sababu nimeshalichafua vya kutosha kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Kalemie. Nilijua kuogelea ziwani kabla sijajua kuvaa viatu. Lakini tangu nipate kazi Lubumbashi, kwenye biro, ofisi yenye kiyoyozi, nikawa mtu mwingine. Nikawa mtaalamu! Mtaalamu wa nini? Wa mahali pa kula na kunywa. Usicheke. Wenzangu wa kazini wakitaka kwenda plaji, kule ufukweni, wakati wa likizo, waliniuliza mimi: tutakula wapi, tutakunywa wapi, upepo ni mzuri upande gani? Nami nilijibu kama waziri anayehojiwa na redio.

Jibu langu lilikuwa moja tu. Kuna hoteli pale ufukweni, jina lake nalificha kwa sababu patroni wake ana mawakili na mimi sina. Ina viti vya kulalia, miavuli, muziki, na vinywaji vya rangi mbili ndani ya glasi moja. Patroni aliniambia siku moja, "Mama, wewe lete watu tu. Ukija nao, utakula na kunywa bure." Bure! Neno hilo lilinishika kuliko mapenzi.

Sasa nikuambie nilichokificha. Hatua chache kutoka hotelini, mama mudogo wangu, yaani mdogo wake mama yangu mzazi, alikuwa na malewa yake, mgahawa wa bati na meza kadhaa. Watu wanamwita Mama Sifa. Ziwa lilipopanda lilimeza kibanda chake cha kwanza na nguzo zake zote. Akajenga kingine juu kidogo, akaendelea kupika kana kwamba ziwa halijamfanya kitu.

Na alipika nini? Samaki wa ziwani, mukeke wa kuchoma, aliyetoka mtumbwini asubuhi hiyo hiyo. Ndagaa wa kukaanga na nyanya na pilipili. Sombe, yaani kisamvu. Bugali wa moto unaokuunguza vidole. Na sikire, zile soda za chupa, baridi kabisa ndani ya sanduku la barafu. Kosa lake lilikuwa nini? Viti vya plastiki, kimoja kimelegea mguu. Na kitenge chake kilinuka moshi, na angenikumbatia nacho mbele ya Solange.

Solange ni mwenzangu wa kazini. Ni yule rafiki ambaye ukinunua kiatu kipya, unakivaa ili yeye akione. Safari hii alikuwa amekuja yeye na wenzetu watatu, na nilikuwa nimeapa kuwaonyesha Kalemie ya watu wa maana.

Siku tuliyofika tu, simu ikalia.

"Mutoto wangu, umefika? Nimekuwekea mukeke mukubwa. Utakuja saa ngapi?"

"Kesho, mama."

Kesho yake akapiga tena. Nikamwambia kesho. Siku ya tatu alipopiga nikaacha simu ilie, nikaigeuza uso chini juu ya taulo. Solange akauliza ni nani. "Watu wa kuuza vitu," nikasema. Ndiyo! Dada ya mama yangu!

Mchana wa siku hiyo wenzangu walikuwa majini. Mimi nilibaki chini ya mwavuli kama malkia wa nchi isiyojulikana. Patroni akaja mwenyewe na sahani. "Hii ni ya mkuu wa msafara peke yake," akasema. Kamba wa baharini! Wale wao wanaita kreveti, waliogandishwa wakapandishwa ndege, wakavuka nchi nzima kuja kuliwa kando ya ziwa lililojaa samaki. Na mimi nikaona hiyo ndiyo heshima.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Jenereta la hoteli lilikuwa linahudumia muziki tu. Friji ilikuwa imekaa kimya kama kabati. Nilijua hayo yote, nilikuwa nimelalamika asubuhi kwamba bia ina joto!

Nilisikia harufu. Nikajiambia ni harufu ya bahari. Bahari! Mimi ambaye sijawahi kuiona hata kwa mbali! Nikawakamulia ndimu, nikala wote mpaka mikia, nikashushia na kile kinywaji cha rangi mbili. Wenzangu walipotoka majini, sahani ilikuwa imeshaondolewa. Hakuna aliyejua nilichokula.

Sitakueleza kwa kirefu yaliyofuata. Tuseme tu kwamba asubuhi mkuu wa msafara alibebwa na watu wawili, kiatu kimoja mguuni, akapelekwa hospitali. Wakanitundikia maji.

Solange alikaa kitandani pembeni yangu. Alikuwa na hofu ya kweli, masikini.

"Lakini ulikula nini ambacho sisi hatukula?"

Swali rahisi. Jibu lilikuwa na herufi chache. Lakini fikiria aibu yangu! Mtaalamu ameuawa na hoteli aliyoisifia! Wiki iliyofuata kundi jingine lilikuwa linakuja kwa maneno yangu, na mimi nilikuwa nimeshaahidiwa kula tena bure. Nikatafuta mtu wa kubeba mzigo wangu. Na unajua binadamu humtwika nani? Yule anayejua hatamlaumu.

"Nilipita kumsalimia mama mudogo wangu, yule mwenye malewa ya bati karibu na hoteli," nikasema. "Mlipokuwa mnaogelea. Akanipa ndagaa."

"Yule ni mama mudogo wako? Mungu wangu! Waambie wengine basi, wasije wakala pale!"

Akanipa simu yangu. Na mimi, kwa ile sauti ya kufa niliyokuwa nayo, nikarekodi ujumbe kwenye kundi letu la likizo. Bado naukumbuka neno kwa neno. "Wapenzi wangu, mukija Kalemie, musikule kwa Mama Sifa kwenye plaji. Niko hospitali. Sijui kama ni kolera. Muniombee."

Kolera, yaani kipindupindu! Kalemie neno hilo halitupwi hovyo. Kila familia ya pale ina mtu iliyemzika kwa ajili yake, au iliyemponyesha kwa shida. Mimi ni mtoto wa pale, nilijua. Na muuguzi alikuwa ameniambia dakika chache kabla kwamba siyo kolera, ni chakula kilichoharibika tu. Nilisema "sijui" huku najua.

Ujumbe ukatoka kwenye kundi letu, ukaingia kundi la pili, la tatu. Haukuhitaji hata tiketi.

Kabla ya saa sita mchana nikasikia sauti mlangoni. "Wamenambia mutoto wangu amelazwa hapa." Alikuwa Mama Sifa. Alikuwa amekuja mbio, ameshika termosi ya uji na chupa ya maji aliyoyachemsha mwenyewe.

Nikafanya nini, mimi shujaa? Nikafumba macho. Nikajifanya nimelala!

Solange akasimama katikati. "Mama, tafadhali. Tusiongeze matatizo juu ya matatizo."

"Matatizo gani?" mama mudogo akauliza.

Kwenye kitanda cha tatu kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akimuuguza mumewe. Simu yake ililia, akabonyeza, na sauti yangu ikajaa chumba kizima. "Wapenzi wangu, mukija Kalemie..."

Niliisikiliza nimefumba macho. Mama Sifa naye aliisikiliza, amesimama miguuni pangu, mpaka mwisho, mpaka "Muniombee". Yule mwanamke hakujua anayesemwa ni nani. "Ee, watu wa plaji watatumaliza!" akasema.

Nikasikia termosi ikiwekwa chini taratibu.

"Akiamuka," mama mudogo akamwambia Solange, "mumupe kidogo kidogo. Tumbo ya mugonjwa haitaki haraka."

Akaondoka. Na mimi nilikunywa ule uji, ndugu yangu. Niliumaliza wote. Ulikuwa mtamu.

Siku mbili baadaye nilikuwa mzima, nikapanda ndege kurudi Lubumbashi. Nikajiambia mambo yatapoa. Mambo hayakupoa. Watu wa usafi walifika na mapampu yao mgongoni, wakanyunyizia klorini meza zake, sufuria zake, hata mchanga mbele ya mlango. Hawakukuta kitu, wakamwambia aendelee na kazi. Aendelee na kazi kwa nani? Watu walikuwa wanapita mbali na bati lile wameziba pua. Wavuvi waliozoea kumletea samaki wakaanza kuwapeleka kwingine. Neema, binti yake aliyekuwa anasomea uuguzi, akakosa minerval, ile karo ya chuo, akarudi nyumbani.

Na hoteli? Ilijaa! Wageni wote walikimbilia kwenye usalama.

Mama yangu ndiye aliyenipigia simu. Hakunisalimia. "Mudogo wangu ameuza sufuria zake," akasema. "Amehamia Nyunzu kwa ndugu za mume wake, kulima. Ulikula kweli kwake?" Nikaanza, "Mama, unajua..." Akakata. Tangu siku ile mama hunijibu kwa ujumbe mfupi tu, kama ofisi.

Nikarekodi ujumbe wa pili. Nikasema ukweli wote: hoteli, kamba, uongo wangu. Nikautuma kwenye kundi lile lile. Unajua uliendaje? Haukwenda popote! Mmoja akaniwekea kidole gumba. Mwingine akauliza, "Sasa hizo kreveti zilikuwa tamu?" Solange alitoka kwenye kundi bila kuniaga. Kazini ananiita "madame" na kunipisha mlangoni, na adabu hiyo inauma kuliko tusi.

Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Nyunzu. Kutoka Kalemie nilipanda pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Nilimkuta Mama Sifa anang'oa karanga. Alikuwa amekonda. Nikapiga magoti kwenye udongo na suruali yangu ya Lubumbashi.

"Mama, nilidanganya. Sikula kwako."

Hakuacha kung'oa.

"Ninajua. Nilijua pale pale hospitali. Hukukanyaga kwangu hata siku moja. Nilikuwa ninakuona pale hotelini, chini ya ule mwavuli. Nilikuwa ninakuchungulia nikijua utakuja."

Aliniona! Siku zote tatu aliniona!

"Sasa kwa nini hukusema, mama? Watu walipokukimbia, kwa nini hukuwaambia?"

Hapo akasimama. Akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Niseme nini? Nisimame kwenye plaji nitangaze kwamba mutoto wa dada yangu ni muongo? Ulikuwa na kazi kubwa, wageni wako walikuwa pale. Nikasema, acha, atasema mwenyewe akipona. Nikangoja wewe useme."

Nikaanza kulia. Mtaalamu, nalia juu ya karanga!

"Nimekusamehe," akaendelea, "usilie hapa, utalowesha karanga zangu. Lakini malewa sitafungua tena. Moyo wa kupikia watu umeniisha. Na usiku huu utalala kwa mapadri, hapa kwetu hapana nafasi."

Nafasi ilikuwepo. Nyumba niliiona, ilikuwa kubwa.

Basi wewe unayejiandaa kwa likizo, sikiliza. Sikukatazi hoteli, sikukatazi glasi ya rangi mbili. Keti unapotaka, agiza unachotaka, hata kamba waliosafiri kuliko wewe. Lakini ukiwa na ndugu anayekungoja na sahani karibu na hapo, nenda ukamle huyo samaki wake mbele ya rafiki zako wote, wanuke moshi nao. Na ukiugua, kwa jina la Mungu, sema ulikokula.