Nyanya Akiwa Chicago

Simu ya mezani ikilia popote, hata kwenye mchezo wa runinga, mkono wangu wa kulia hushtuka. Yetu ilikaa juu ya friji, katika chumba tulichopanga mtaa wa Najma, Doha, juu ya duka la fundi cherehani wa Kihindi, na mlio wake ulikuwa mkali kiasi kwamba fundi alilalamika unamkatia uzi.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama, aliyekuwa muuguzi, alikuwa zamuni. Baba, dereva wa familia moja ya mtaa wa Muaither, alikuwa amekwenda kuwachukua watoto wa tajiri wake shuleni. Niliachiwa sahani ya wali na amri ya kutofungua mlango. Kuhusu simu hakuna aliyesema kitu.

Aliyepiga alizungumza Kiingereza cha puani. Alikuwa afisa katika uwanja wa ndege wa Chicago, na mbele yake alisimama mama mzee ambaye hawakuwa wakielewana naye, aliyefungua pembe ya leso akampa namba hii. Je, kuna mtu mzima hapo? Nikasema hayupo, lakini Kiingereza nakijua, tena darasani nashika namba moja. Akaweka simu yake kwenye spika. Kisha nikasikia sauti ya Nyanya, aliyemzaa mama yangu. Nilikuwa nimeambiwa ametoka Voi kwenda kumsalimia Mjomba Mwadime, mwanawe aliyeishi huko.

"Wakesho? Ni wewe?"

"Ni mimi, Nyanya. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Kazini."

Nyuma ya Nyanya magurudumu ya masanduku yalikuwa yakikwaruza sakafu, na mtu akitangaza jambo ambalo halikumhusu.

Afisa alitaka kujua amekuja kufanya nini.

"Mwambie nimekuja kumchukua mwanangu, nimrudishe nyumbani."

Nikamwambia. Akauliza mbona mtu mzima asirudi mwenyewe. Nililipeleka swali hilo kwa furaha, maana hata mimi niliona ni la maana.

Nyanya akasogea karibu na simu.

"Mwambie amelala, mjukuu wangu."

Nikatafsiri neno kwa neno. Amelala wapi, afisa akauliza. "Hospitali," akasema Nyanya. Nikatafsiri na hilo.

Nikasikia afisa akigonga mhuri. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka kama ya mtu aliyeingia nyumba ya ibada. "Mwambie apite. Na umwambie pole." Nikaifikisha ile pole nikidhani ni ya safari.

Jioni nilimpokea Mama mlangoni nikijisifu. Alisikiliza mkoba ukiwa bado begani.

"Alikwambia hivyo? Amelala?"

"Ndiyo. Nikasema vile vile."

Akakaa kitandani na viatu vyake vya kazi. "Ulitafsiri vizuri," akasema, kisha akageukia ukuta.

Mjomba alizikwa Voi, nasi tukabaki Doha. Niliambiwa polepole, vipande vipande, jinsi watoto wanavyoambiwa. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba siku ile yule afisa alijua kabla yangu, ingawa maneno yalipitia kinywani mwangu. Na Nyanya, amesimama peke yake katika nchi ya watu, kafiwa na mwanawe, alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumweleza. Akakumbuka kwamba mtu huyo ni mtoto, akachagua neno ambalo ningeweza kulibeba.