Mama mkwe alikataa damu yangu: kisa cha wodini Mpanda

Wakuu, habari zenu. Nilisikia kwanza bakuli la bati likigonga sakafu. Sikuona kitu, maana nilikuwa koridoni, mlango wa wodi nimeupa mgongo. Haya yalinikuta mwenyewe, chumvi sijatia.

Ni Mpanda, miaka ya tisini. Nilimleta mama mkwe kwa lori kutoka Usevya. Mimba yake ilikuwa imeharibika, damu inamtoka tangu jana yake. Baba mkwe yuko mbali, machungani na ng'ombe, mke wangu kajifungua juzi tu. Nikabaki mimi.

Sasa kwetu Wasukuma, mtu na mama mkwe wake hawatazamani, wala hawapokeani kitu mkono kwa mkono. Njia nzima yeye alilala nyuma na akina mama wa sokoni, kajifunika. Mimi nilikaa mbele kwa dereva.

Hospitali wakataka damu ya ndugu. Wakapima yangu, ikafaa. Mama aliposikia ni ya nani, akasukuma bakuli la uji, akasema heri afe.

Muuguzi wa zamu akamfokea. Nyie watu wa porini mnatuletea ushamba, alisema, damu nyingine iko wapi? Kweli haikuwepo. Chupa ya damu yangu ilikuwa pale mezani, na sauti ya mama inazidi kufifia.

Ndipo akaingia Sista Yustina, Mfipa wa makamo. Hakufoka. Nikasikia anavuta stuli.

"Mama, mkweo akichinja, nyama inakufikiaje?"

"Anampa mtu. Huyo ndiyo ananiletea."

"Basi huyo mtu ndiyo mimi. Hii unapokea kwangu."

"Haya," mama akasema. "Ila yeye asisimame hapo mlangoni."

Alipona, na wajukuu kawalea.

Yule muuguzi wa kwanza alikuwa sahihi kuhusu damu, ila usahihi wake ulikuwa unamuua mgonjwa. Aliyeuliza ndiye aliyeokoa. Wauguzi mliomo humu, nyie mngefanyaje? Nisahihisheni.

Siku ya kuruhusiwa, sista alinifuata koridoni na ujumbe. "Mama anasema amepokea. Sasa tangulia, apate kutoka."

Nikatoka nje bila kugeuka. Nyuma yangu sista akafunga mlango, taratibu.